Ugaidi wa Kimataifa: Ni Nani Aliyeandika, na Karatasi Zake Ziko Wapi?

Mwalimu wa historia au wa uraia anapowapa wanafunzi wake kazi ya kuandika juu ya ugaidi wa kimataifa, mara nyingi huletewa insha zinazofanana kama mayai. Zote huanza New York, tarehe 11 Septemba 2001, hupita haraka katika nchi mbili tatu za mbali, kisha huishia kwa maneno ya kulaani. Sababu yake si uvivu. Wanafunzi hutafuta kitabu chenye neno "ugaidi" juu ya jalada lake, na katika shule iliyo mbali na miji mikubwa, mathalani huko Kituntu wilayani Karagwe, kitabu cha namna hiyo ama hakipo kabisa, ama kipo kimoja tu kilichoandikwa na mtu asiyepata kufika Afrika Mashariki. Katika makala haya tutajaribu kueleza njia nyingine ya kutafuta, ambayo haimtegemei mwandishi mmoja, na ambayo mwanafunzi wa Kituntu anaweza kuifuata kama afuatavyo mwanafunzi wa Dar es Salaam, ingawa kwa nauli kubwa zaidi.

Njia yenyewe ni hii. Badala ya kuuliza, "Kitabu gani kinazungumza juu ya ugaidi?", mtafiti aulize, "Tukio hili lilipotokea, ni nani aliyelazimika kuandika?" Bomu linapolipuka, daktari hana budi kuandika majina ya majeruhi katika daftari la hospitali. Askari polisi huandika maelezo ya mashahidi. Wakili wa Serikali huandaa hati ya mashtaka, na jaji huandika hukumu. Waziri hutoa kauli Bungeni, na kila neno lake huchukuliwa na waandishi wa kumbukumbu. Balozi hupeleka barua Umoja wa Mataifa. Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa aandikaye kwa kupenda kuandika. Kila mmoja anatimiza wajibu wa ofisi yake. Basi mtu ajuaye kazi ya ofisi hujua karatasi gani inapaswa kuwapo hata kabla hajaiona kwa macho, na anapoipata hujua pia ni jambo gani karatasi hiyo haikukusudiwa kulieleza.

Tuchukue tukio la nchini mwetu wenyewe. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori lililobeba bomu lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani, Oysterbay, Dar es Salaam. Karibu wakati huohuo lori jingine lililipuka nyuma ya ubalozi wa nchi hiyo katikati ya jiji la Nairobi. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam, kwa hesabu iliyotumiwa mahakamani, walikufa watu 11, na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Waliopanga mashambulio hayo walikuwa wa kundi la Al-Qaida, na shabaha yao ilikuwa Marekani, lakini waliokufa walikuwa kwa wingi Wakenya na Watanzania: walinzi, makarani, madereva na wapita njia.

Je, ni nani aliyelazimika kuandika? Wakati ule Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilimtaka Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo aunde bodi ya uchunguzi shambulio liliposababisha vifo au hasara kubwa katika balozi zake. Kwa hiyo bodi ziliundwa chini ya uenyekiti wa Admirali mstaafu William Crowe, na taarifa yake ikatolewa Januari 1999. Taarifa hiyo si ya siri. Yeyote anaweza kuisoma. Ndani yake mwanafunzi atakuta mambo ambayo masimulizi ya kawaida hayayakazii. Ataona, kwa mfano, kwamba Dar es Salaam gari la kubebea maji la ubalozi lilikuwa langoni wakati ule, likalizuia lori la washambuliaji lisiingie, na kupunguza madhara ya mlipuko. Ataona kwamba majengo yote mawili hayakuwa na nafasi ya futi 100, yaani kama mita 30, kutoka barabarani, ambayo kanuni zao wenyewe ziliitaka. Lakini na aone pia kile kisichokuwamo. Bodi ile iliulizwa kama watumishi na majengo ya Marekani yalilindwa ipasavyo. Haikuulizwa mjane wa mlinzi wa Kitanzania aliishije baada ya mazishi. Si kosa la taarifa kutojibu swali ambalo haikuulizwa. Kosa ni la mtafiti anayeishia hapo na kudhani amemaliza.

Umoja wa Mataifa nao uliandika upesi. Tarehe 13 Agosti 1998, siku sita tu baada ya milipuko, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1189 la kuyalaani mashambulio ya Nairobi na Dar es Salaam. Nyaraka za Umoja wa Mataifa zina namna yake ya kuhesabiwa, na ni vizuri mwanafunzi aizoee: herufi S humaanisha Baraza la Usalama, herufi A humaanisha Baraza Kuu, na RES humaanisha azimio. Kwa hiyo S/RES/1189 si fumbo, bali ni anwani. Mwenye anwani hiyo ataipata karatasi katika maktaba yoyote ihifadhiyo nyaraka za Umoja huo, na ataweza kuendelea hadi azimio 1267 la mwaka 1999 na lile mashuhuri zaidi, 1373 la tarehe 28 Septemba 2001, ambalo lilizitaka nchi zote zitunge sheria za kuzuia ugaidi. Hapo ndipo mtu huanza kuelewa kwa nini Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Namba 21, mwaka 2002, na si mwaka 1998 ambapo damu ilimwagika Oysterbay.

Chemchemi iliyo tajiri kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mahakama. Katika kesi kila neno hupingwa na upande wa pili, na hilo ni jambo ambalo haliyapati magazeti wala hotuba. Mwaka 2001 watu wanne walishtakiwa New York kwa ajili ya milipuko hiyo miwili, mmoja wao akiwa Mtanzania kutoka Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed. Tarehe 29 Mei 2001 wote walitiwa hatiani, na Oktoba mwaka huo wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mwenendo wa kesi hiyo, siku kwa siku, shahidi kwa shahidi, umehifadhiwa. Humo mtu atasoma jinsi nyumba zilivyopangishwa na magari yalivyonunuliwa, habari ambazo mtungaji wa kitabu cha jumla huzifupisha kwa sentensi moja.

Lakini kesi moja huzaa nyingine, na mara nyingine katika nchi isiyotarajiwa. Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town, Oktoba 1999, akakabidhiwa kwa Wamarekani haraka. Jambo hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, nayo tarehe 28 Mei 2001, siku moja kabla ya uamuzi wa New York, ikatoa hukumu kwamba serikali ya Afrika Kusini ilivunja Katiba yake kwa kumtoa mtu bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Hukumu hiyo huanza kwa kusimulia mambo yalivyotukia, kisha hueleza hoja za kila upande, na mwisho sababu za majaji. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye kamusi na subira anaweza kuisoma yote. Ni nadra kupata somo bora zaidi la swali hili gumu: serikali inayopigana na magaidi, je, imefungwa na sheria au haikufungwa?

Hapa hapana budi kusema neno juu ya majina ya watu. Katika karatasi za mahakama, kushtakiwa ni jambo moja na kutiwa hatiani ni jambo jingine kabisa. Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania mwingine, alipelekwa mahakamani New York kwa mashtaka zaidi ya 280. Mwezi Novemba 2010 alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu mali na majengo ya Marekani, akaachiwa kwa mengine yote, ingawa kwa hilo moja alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 2011. Na hapa nyumbani, mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Oysterbay aliachiwa huru na Mahakama Kuu mwaka 2004. Magazeti ya siku alizokamatwa bado yamo katika maktaba, yenye vichwa vya habari vikubwa. Habari ya kuachiwa huru mara nyingi huwa fupi na ya ukurasa wa ndani. Mwanafunzi anayesoma gazeti la kwanza bila kulitafuta la pili atamwita gaidi mtu ambaye mahakama imemwona hana hatia. Hilo si kosa la insha tu. Ni kumdhulumu mtu aliye hai, na watoto wake.

Sasa turudi Kagera, maana mkoa huu umo katika karatasi hizo kuliko wengi wanavyofahamu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama karibu na mwisho wa safari yake. Mkoani Kagera msiba huo hauhitaji kuelezwa. Katika meli hiyo alikuwamo Mmisri mmoja aliyejulikana kwa jina la Abu Ubaidah al-Banshiri, naye akazama. Mtu huyo alikuwa mkuu wa mambo ya kijeshi wa Al-Qaida. Habari hii huenda mwanafunzi ameisikia barazani na kuidhania hadithi. Si hadithi. Ilitajwa katika ushahidi wa kesi ya New York ya mwaka 2001, ambamo ilielezwa pia kwamba wenzake walikwenda ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa, na imo katika taarifa ya tume ya Marekani iliyochunguza mashambulio ya Septemba 11, iliyotolewa Julai 2004.

Basi na tujaribu njia yetu. Ni nani aliyelazimika kuandika juu ya MV Bukoba? Serikali iliunda tume ya uchunguzi; Bunge lilizungumza; mashtaka yalifunguliwa; magazeti ya *Uhuru* na *Daily News* yalichapisha habari kwa majuma mengi. Karatasi hizo zinazungumza juu ya shehena na abiria kupita kiasi, na juu ya meli isiyokuwa thabiti majini. Hazizungumzi juu ya ugaidi. Upande mwingine, karatasi za New York zinazungumza juu ya abiria mmoja, lakini hazisemi kwamba yeye au wenzake waliizamisha meli. Mtu akiziweka pamoja aina hizi mbili za karatasi anaweza kuandika kwa uhakika kwamba kiongozi wa magaidi alikufa katika ajali, wala asitamke zaidi ya hapo. Mtu asiyekuwa nazo, akisikia tu majina mawili katika sentensi moja, ataanza kusema kwamba meli ilizamishwa. Nimesisitiza mfano huu kwa sababu jamaa za marehemu wapo, na wana haki ya kuambiwa ukweli juu ya kilichowaua ndugu zao. Hata idadi ya waliokufa inahitaji uangalifu: hesabu inayotajwa sana ni 894, lakini nyingine zilizochapishwa ni za chini au za juu zaidi. Mwanafunzi asichague ile inayompendeza. Aandike kila hesabu, aseme ameitoa wapi, na aulize ofisi iliyoitoa ilihesabu nini: miili iliyopatikana, tiketi zilizouzwa, au majina yaliyoletwa na jamaa.

Hesabu za ugaidi wenyewe nazo si salama. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikitoa taarifa ya kila mwaka juu ya ugaidi duniani. Taarifa ya mwaka 2003, iliyotolewa Aprili 2004, ilisema kwamba mashambulio yalikuwa 190 na waliokufa 307, na viongozi wakaisifu kuwa ni dalili ya ushindi. Wataalamu wa vyuo vikuu wakaikagua, wakaona kasoro, na mwezi Juni Wizara ikalazimika kuisahihisha: mashambulio 208, waliokufa 625. Aliyenakili toleo la kwanza bila kujua kuna la pili amenakili kosa la nusu nzima ya wafu. Vilevile Chuo Kikuu cha Maryland hutunza orodha kubwa ya mashambulio ya kigaidi tangu mwaka 1970. Lakini kadi za mwaka 1993 zilipotea wakati watunzaji wa kwanza walipohama ofisi. Mwanafunzi akichora mchoro wa mistari kutokana na orodha hiyo ataona bonde mwaka 1993, akaweza kuandika ukurasa mzima kueleza kwa nini magaidi walipumzika mwaka ule!

Liko pia tatizo la neno lenyewe. Umoja wa Mataifa haujapata kukubaliana juu ya maana moja kamili ya ugaidi, na sisi Watanzania tuna sababu ya kufahamu kwa nini. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Watu haohao, katika karatasi za serikali ya Pretoria, waliitwa magaidi. Na jina la Nelson Mandela lilibaki katika orodha ya tahadhari ya Marekani hadi mwaka 2008. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa Kuzuia Ugaidi, uliotiwa saini Algiers mwaka 1999, unasema wazi kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa hayahesabiwi kuwa ugaidi. Kwa mtafiti jambo hili lina matokeo ya kazi: asitafute katika katalogi chini ya neno moja tu. Atafute pia chini ya utekaji nyara wa ndege, ukombozi, uasi, usalama wa taifa, wakimbizi, na majina ya mahali. Aliyetafuta "ugaidi" pekee hatakiona kisa cha ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliyotekwa Februari 1982 ikitoka Mwanza na kupelekwa hadi Uingereza, kwa kuwa kitabu kilichokitaja huenda kimewekwa kati ya vile vya siasa.

Maktaba za umma nchini hupanga vitabu kwa namba za Dewey. Ugaidi kama jambo la jamii huwekwa 303.625, kama jambo la usalama wa umma, 363.325, na sheria zake huwekwa 345, pamoja na sheria za jinai. Kwa hiyo vitabu vya somo hili moja vimekaa katika rafu tatu zilizo mbalimbali, na mtu aliyesimama mbele ya rafu moja ataondoka akilalamika kwamba maktaba ni maskini.

Mwanafunzi wa Kituntu aanzie wapi? Aanze na tarehe. Aandike katika daftari tarehe ya tukio, mahali, na ofisi tano au sita zilizolazimika kuandika. Kazi hiyo haihitaji nauli. Kisha aonane na mwalimu wake, waandike barua rasmi yenye muhuri wa shule. Barua hiyo hufungua milango mingi kuliko maneno. Akipata nafasi ya kushuka Bukoba kwa njia ya Kyaka, aende Maktaba ya Mkoa, ambayo ni tawi la Bodi ya Huduma za Maktaba, aulize kama kitabu kisichokuwapo kinaweza kuletwa kutoka Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wale wanaofika Dar es Salaam watakuta katika maktaba ya Chuo Kikuu mkusanyo wa maandishi ya Afrika Mashariki pamoja na magazeti ya zamani. Siku hizi hukumu za mahakama zetu, Majadiliano ya Bunge na maazimio ya Umoja wa Mataifa husomeka pia kwa simu penye mtandao. Majadiliano ya Bunge yana faida ya pekee: Sheria ya mwaka 2002 ilichapishwa kwa Kiingereza cha kisheria, kigumu, lakini wabunge waliijadili kwa Kiswahili, wengine wakiitetea na wengine wakihofu kwamba ingeweza kuwaumiza wasio na hatia.

Tahadhari moja. Maandishi ya makundi ya kigaidi yenyewe, yale ya kushawishi na kufundisha, si ya kutafutwa na mwanafunzi, wala kuyahifadhi au kuyasambaza. Mtu anaweza kujiingiza katika hatari ya kisheria pasipo kukusudia. Sehemu muhimu kwa utafiti tayari zimenukuliwa na kuelezwa katika kesi na taarifa za tume, ambamo zimekwisha kupimwa na watu wanaowajibika. Na mwanafunzi atakapozungumza na mtu aliyefiwa, katika MV Bukoba au Oysterbay, aombe ruhusa kwanza, na akikataliwa aage kwa heshima.

Yako mambo ambayo bado yamefungwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humruhusu raia kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30, lakini habari za usalama wa taifa zinaweza kukataliwa. Majalada yanayopelekwa Idara ya Nyaraka za Taifa kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30, isipokuwa yale yaliyozuiwa kwa sababu maalumu. Hesabu ni rahisi. Majalada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 yamekwisha kupita muda huo. Ya MV Bukoba yaliandikwa kuanzia Mei 1996. Ya Oysterbay yaliandikwa kuanzia Agosti 1998, na kwa hiyo yale ya mwanzo yatatimiza miaka 30 mwezi Agosti 2028. Mwombaji atahitaji barua ya utambulisho, penseli, na jina kamili la ofisi iliyoandika jalada analolitaka.